Maji Yaliyotoka Kwenye Paa Letu

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi zangu nyingine zinakosea njia, kwa maana niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika hasa kuandika vipimo vya mabati. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima, na mara nyingi nafuta neno kisha nalirudisha lile lile. Kuongea ndiko kunanishinda zaidi. Mbele ya watu ulimi wangu unaganda, ndiyo maana nimeona heri karatasi. Mkikuta kosa, lirekebisheni kimoyomoyo mwendelee kusoma, kwa sababu jambo lenyewe nalijua vizuri, na limenikaa kifuani miaka mingi.

Ni harufu iliyonifanya nianze. Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha hapa Kawangware, nikapita nyuma ya kanisa ninakoabudu siku hizi, si mbali na steji ya 56, nikasikia harufu ya kitambaa kipya kilicholowa. Mtu aliyewahi kukaa karibu na fundi wa nguo anaijua: rangi ya kiwandani, wanga, na kitu kama chuma chenye kutu, vyote vikipanda pamoja kama mvuke. Nilisimama pale na mwavuli wangu nisiweze kuondoka. Nilikuwa tena na miaka kumi na moja, niko Kianda, Kibera, nimeshika kona ya sketi ya kijani inayotiririka maji, na jirani yetu Mama Achieng ananiambia nisiikamue, rangi itazidi kutoka.

Tulikaa Kianda upande wa Olympic, kwenye ploti ya vyumba sita. Baba yangu, Musyoka, alikuja kutoka Machakos akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa mabati. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko, karai, na gata, ule mfereji wa bati unaofungwa chini ya ukingo wa paa ili ushike maji ya mvua na kuyapeleka panapofaa. Kutwa nzima ulisikia nyundo yake ya mti ikikunja bati, sauti nzito isiyo na haraka, na ukikaribia ulisikia harufu ya lami aliyozibia maungio. Alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo sikuwahi kumwona akiiacha. Kabla hajakata kitu chochote cha paa, alisimama mbele ya nyumba, akainua kichwa, akauliza, "Maji yataenda wapi?" Hakuuliza kwanza nyumba ni ya nani wala bati litakuwa la rangi gani. Mimi aliniita Mwaitu, ambalo kwa Kikamba ni mama, kwa kuwa jina langu Mwende ni la mama yake. Hata alipokuwa akinikemea, ilikuwa kama anamkemea mama yake, kwa adabu.

Kanisa letu lilikuwa la mabati pia, hatua chache kutoka nyumbani. Ukuta wake wa kushoto haukuwa wake peke yake. Upande wa pili wa bati lile lile kilikuwa chumba cha Mama Achieng, kimeegemezwa hapo tangu zamani, paa lake dogo likiwa chini ya paa letu. Msumari uliopigwa kanisani ncha yake ilitokea kwake, naye alitundika chujio la chai juu yake. Mama Achieng alikuwa mtu wa Siaya, mnene, mwenye utani mwingi, na alimlea binti yake Achieng peke yake kwa kushona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Sisi tukiomba, tuliisikia cherehani. Yeye akishona, alisikia kila kitu chetu, mahubiri na matangazo na watu wakilia. Achieng alikuwa mwenzangu wa dawati darasa la tano. Hakuwahi kuingia kanisani hata siku moja, lakini nyimbo zetu alizijua kuliko mimi, na alimwigiza Pasta mpaka darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko.

Kanisani, watu kama Mama Achieng waliitwa watu wa nje. Maana yake ni watu ambao hawajaokoka, na kila mkristo wa Nairobi anaelewa hivyo bila kufikiri. Kila Jumapili kulikuwa na ombi la watu wa nje. Mimi sikuelewa hivyo. Nilikuwa mtoto, na ukuta wetu ulikuwa bati moja tu, kwa hiyo nilidhani watu wa nje ni wale walioko nje ya bati, na kwamba tunawataja kila wiki kwa sababu wako karibu na wanatusikia. Nililiona jambo zuri sana. Niliona ni kama kumsalimia jirani kupitia ukutani.

Mwaka ule kanisa lilibadilishwa paa. Paa la zamani lilikuwa la mgongo mmoja, limeinamia njiani, na maji yake yote yaliangukia mtaroni yakaenda zake. Lilikuwa limeliwa na kutu, hilo ni kweli. Lakini Pasta alitaka jipya liwe refu, la migongo miwili, na bati la samawati, ili kanisa lionekane kutoka barabarani na watu wavutiwe. Siku mbao zilipoletwa, Baba, aliyekuwa kwenye kamati ya ujenzi, alisimama njiani akainua kichwa kama kawaida yake.

"Maji yataenda wapi?"

Pasta alimjibu kwamba nusu itaenda mtaroni kama zamani.

"Na nusu ile nyingine?"

Pasta alicheka, akampiga bega. "Fundi Musyoka, wewe kila siku ni maji tu. Gata tutaweka."

Baba alisema gata ya upande ule ataitengeneza mwenyewe bila malipo, kanisa litoe bati tu. Kamati ikakubali. Wiki iliyofuata ikaamua bati lingoje, kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kupata vyombo. Vyombo, kwa lugha ya kanisani, ni spika na kinanda na nyaya zake. Spika zilikuja mbili, kubwa kama kabati, na moja ikawekwa mlangoni ikitazama nje, ili watu wa nje walisikie neno.

Mvua ilianza katikati ya Machi. Siku ya kwanza nilikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Bati jipya lilivuma kwa sauti tamu ajabu, tukaimba juu ya sauti hiyo, na mwalimu wetu akasema hizo ni baraka zinashuka. Zilikuwa zinashuka kweli. Zilishuka kwenye mgongo wa kushoto wa paa letu refu zikaangukia paa dogo la Mama Achieng, bati la zamani lenye matundu ya misumari, lililozoea kubeba mvua yake tu na sasa linabebeshwa na ya kanisa. Maji yakapenya hapo paa lake lilipokutana na ukuta wetu, yakateremka kwenye bati lile lile tuliloliegemea sisi tukiimba, yakaingia kwake.

Alikuja mazoezi yalipoisha, leso imelowa hadi magotini. Sisi watoto tulikuwa bado tunapanga viti, nikasikia yote.

"Pasta, sina shida na nyimbo zenu, zingine hata nazipenda," alisema. "Lakini maji yenu yanalala kwangu. Si mniwekee gata tu."

Pasta hakuwa mtu mkali. Alimjibu kwa upole kwamba ataiambia kamati. Kisha akachukua kijitabu mezani akampa, akamuuliza kama anajua angeenda wapi akifa leo.

Mama Achieng alikigeuza kile kijitabu mbele na nyuma. "Nikifa leo sijui, Pasta. Lakini mvua ikinyesha kesho najua, nitaenda kwa jirani na mtoto wangu na cherehani kichwani."

Mara ya pili alipokuja aliambiwa kamati haijakaa. Mara ya tatu aliambiwa imekaa, ila muda uliisha kabla ya kufika kwenye jambo lake. Kila mara aliondoka na kijitabu. Achieng aliniambia mama yake anavitumia kuchukulia vipimo vya viuno, karatasi yake ni ngumu.

Jumapili moja mwanzoni mwa Aprili, Pasta alituambia kwamba kazi ya Mungu ikiendelea, adui hutafuta mlango, na safari hii anatumia jirani kutuvunja moyo. Akasema tusimame sote, tugeukie ukuta wa kushoto, tunyooshe mikono. Tukanyoosha. Nakumbuka mikono ile kuliko kitu kingine chochote cha kanisa lile. Ilikuwa mikono ya watu wanaojua kazi, waashi, maseremala, wafua nguo, watu wa kusukuma mikokoteni, yote imeelekezwa kwenye bati, viganja wazi. Pasta akaomba kwa spika. Akaomba Bwana amguse mama huyu jirani yetu, amlainishe moyo wake mgumu, amtoe uchungu. Upande wa pili cherehani ikanyamaza. Halafu bati likagongwa mara tatu, kwa ustaarabu, kama mtu anayebisha hodi.

"Niko hapa, nawasikia," sauti ya Mama Achieng ikasema. "Moyo wangu uko laini, watu wangu. Hata nyumba iko laini, ni matope. Leteni gata."

Mtu alicheka nyuma akajikohoza. Nilichungulia kati ya vidole nikamwona Baba ameshusha mikono yake, anaitazama kama vifaa alivyosahau kuvitumia. Pasta akasema tuimbe, na mtu wa vyombo akaongeza sauti. Hadi leo nikikumbuka naona moto kichwani. Gata ile ilihitaji jozi moja ya mikono na asubuhi moja. Pale ilikuwepo mikono ya kanisa zima, na tuliitumia kumwombea mtu apate kitu tulichokuwa tumemnyima sisi wenyewe. Mungu alikuwa amemjibu tayari. Jibu lilikuwa sisi, tumesimama hatua moja kutoka kwake, tunaimba.

Shuleni Achieng hakunionea huruma. "Sasa Mwende," aliniambia asubuhi tulipoketi. "Mungu wenu amekojoa tena kwetu jana." Dawati la nyuma likacheka. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, nikamwambia atachomeka motoni. Akaniangalia kana kwamba ananionea huruma. "Na hii mvua yenu yote? Moto utazimika." Kisha, tulipokuwa tunaandika, akaniambia jambo la kweli, kwa sauti ndogo. Mama yake alikuwa amepewa kazi na shule moja ya karibu, ashone sare za watoto wapya wa muhula wa pili. Akizimaliza vizuri kabla shule hazijafunguliwa, atapewa kazi hiyo kila muhula. Asipozimaliza, Achieng atapelekwa Siaya kwa nyanya yake, kwa maana hapa Nairobi mama yake hataweza kumweka. "Kwa hivyo ambia buda yako," alisema. Sikumwambia Baba. Nilijua anajua habari ya gata, nikadhani inatosha. Watu wanaoona haya huwa wanajidanganya hivyo, kwamba la muhimu limeshasemwa na mtu mwingine.

Likizo ya Aprili ilifika na Jumapili ya watoto nayo ikafika. Siku hiyo watoto waliongoza ibada, na mwalimu, akijua nilivyo, alinipa sehemu fupi kuliko zote, ombi la watu wa nje. Nilifanya mazoezi wiki nzima nikiwa nimejifunika blanketi. Niliposimama mbele, maneno niliyofundishwa yote yalipotea. Kitu pekee nilichosikia ni cherehani ya Mama Achieng nyuma ya bati, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama, maana zilikuwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe na hakuwa na Jumapili. Nikafumba macho nikaomba nilichokijua. Nilisema, "Bwana, tunawaombea watu wa nje. Maji yetu yasiingie kwao tena. Usikubali Achieng apelekwe Siaya."

Cherehani ilisimama. Kabla mtu yeyote upande wetu hajafungua mdomo, sauti kutoka nyuma ya bati ikasema polepole, "Amina."

Pasta alichukua maikrofoni akasema watoto ni watoto. Baada ya ibada aliwaita wazazi wangu pembeni. Mama yangu aliyeogopa ugomvi wa kanisani kuliko ugonjwa alinishika mkono kwa nguvu. Pasta aliuliza ni nani aliyenifundisha kuleta malalamiko ya kamati kwenye madhabahu. "Hakuna aliyemfundisha," Baba alisema. "Huyu ndiye anatufundisha." Nilifurahi, nikadhani tunatoka pale kwenda moja kwa moja kuchukua ngazi. Lakini Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema kamati inakaa Jumamosi, yeye atasimama na kulisema jambo hili mpaka mwisho, mambo yaende sawasawa, yasionekane ya fujo. Nampenda baba yangu na naandika haya kwa ruhusa yake. Aliniambia niandike pia kwamba zile siku tano za kungoja ndizo anazozijutia kuliko siku zote za maisha yake.

Maana mvua kubwa ilikuja Alhamisi mchana. Ilinyesha kwa saa mbili bila kupumua. Ilipotulia, Achieng alikuja mbio kuniita, hakuwa na utani wowote. Sare zilikuwa zimekunjwa tayari, zimepangwa juu ya meza kando ya ukuta, mbali na mlango, mahali ambapo mtu yeyote angedhani ni salama. Maji yalikuwa yameteremka ukutani kutoka kwenye paa letu yakajaa juu ya meza. Sketi za kijani zilikuwa zimetoa rangi juu ya mashati meupe. Tulizibeba moja moja kuzianika kwenye kamba. Chumba kizima kilinuka ile harufu. Mama Achieng hakulia wala kulaani. Alisema tu, nilipotaka kuikamua sketi ya kwanza, "Polepole, nyathina, usikamue," mwanangu, usikamue, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa. Ningependa angenitukana. Nilikuwa na bati la kanisa mbele ya macho yangu, upande ambao sikuwahi kuuona, na lilikuwa na mistari ya kutu mipya kuanzia juu hadi chini, kila mahali maji yetu yalipopita.

Ijumaa asubuhi Baba alichukua mabati aliyokuwa amenunua kwa ajili ya masanduku ya wanafunzi, akayakata, akayakunja, akaziba maungio kwa lami, akaegemeza ngazi kanisani. Hakuuliza mtu. Alifunga kamba kwanza ili mteremko uwe sawa, kisha gata, kisha paipu ya kupeleka maji mtaroni. Saa sita ilikuwa imekwisha. Mama Achieng alikuwa amesimama chini akimtazama.

"Musyoka," alisema, "wewe ni mkristo wa kwanza kuja kwangu bila kijitabu."

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa, ndiyo." Akafikiri kidogo. "Lakini umekuja na ngazi."

Jioni ile ilinyesha tena na maji yakaenda mtaroni yakicheka. Ilikuwa kazi safi. Lakini mashati yalibaki na madoa ya kijani hata baada ya kufuliwa mara tatu, na shule ile ikampa kazi fundi mwingine. Siwalaumu sana, walitaka mashati meupe. Mwisho wa Mei Mama Achieng alipata nafasi ya kushona chini ya mtu mwingine huko Soweto East, mahali pa cherehani tu, bila pa kulala mtoto. Achieng akapelekwa Siaya. Siku ya kuhama nilisimama karibu na mkokoteni. Achieng alipanda juu ya godoro, akakaza shingo kama Pasta, akanyoosha mkono juu yangu. "Tuwaombee watu wa nje," alisema kwa ile sauti yake ya spika. Kisha akaacha kuigiza. "Sasa Mwende, kwani nani alikuwa nje?" Mkokoteni ukaondoka. Sijamwona tena.

Ningekoma hapo kama hadithi yenyewe ingekoma hapo. Mwezi uliofuata kanisa lilikodi kile chumba. Lilikata bati la katikati ili tupate nafasi ya viti zaidi, na Pasta akasimama akashuhudia kwamba Bwana ametupanua, ametufungulia mlango ambao hatukuutarajia. Watu wakapiga makofi. Chumba hakikuvuja hata tone kwa sababu gata ya Baba ilikuwa juu yake. Kitu ambacho mama mmoja alikiomba mara tatu kwa heshima na mara moja kwa kugonga ukuta, kilikuwa sasa kinatunza viti vyetu. Baba aliondolewa kwenye kamati kwa kupanda paa bila ruhusa. Hakuhama kanisa. Alihamisha kiti chake, na kwa miaka yote tuliyobaki Kianda aliketi pale pale cherehani ilipokuwa. Watu wakimuuliza kwa nini hakai mbele na wazee wenzake, alisema, "Hapa hapavuji."

Sasa mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi kwenye duka la mabati na misumari hapa 56, na mtu akija kununua bati la paa namuuliza maji yataenda wapi, hata kama kwa sauti ambayo hanisikii vizuri. Kanisa langu la hapa ni watu wazuri, kama wale wa Kianda walivyokuwa watu wazuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemjua ukamkwepa. Miezi miwili iliyopita tuliinua paa letu. Nyuma yake kuna fundi wa mapazia anayeitwa Kageha, na ile harufu niliyoisikia wiki mbili zilizopita ilitoka kwake.

Jumapili iliyofuata tulifanya kikao baada ya ibada. Mwenyekiti alituuliza swali zuri kabisa: tufanyeje sisi wakristo ili tuwe na mvuto mwema kwa jamii inayotuzunguka? Watu walijibu vizuri. Mkutano wa injili stejini. Fulana zenye jina la kanisa. Spika zenye nguvu zaidi. Nilitaka kusimama niseme kwamba jamii inayotuzunguka haiko mbali, iko nyuma ya ukuta, inafuta maji yetu sasa hivi kwa tambara. Nilitaka kusema kwamba jirani hatusomi katika fulana, anatusoma katika kinachoanguka kutoka kwetu kuingia kwake, kelele zetu, takataka zetu, magari yetu yanayoziba mlango wake. Nilitaka kusema tuanze hapo, na tukimaliza hapo ndipo tufungue mdomo kuhusu mbinguni. Ulimi uliganda. Nikachana karatasi, nikaandika maneno matatu, nikaipeleka mbele kwa mkono wa dada aliyeketi karibu. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti: "Maji yataenda wapi?" Akatabasamu. "Asante kwa dada yetu aliyefikiria hilo. Maji ya kunywa siku ya mkutano yatakuwepo, tutanunua katoni za kutosha." Akaikunja akaiweka ndani ya Biblia yake, akaenda kwenye jambo lililofuata.

Sikumrekebisha. Niliketi pale na aibu ile ile ya darasa la tano. Nimekasirishwa na kanisa langu katika kurasa hizi zote, na ni haki yangu, lakini nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe. Baba alingoja siku tano. Mimi nimengoja wiki mbili, nikiandika polepole, mvua ikinyesha.

Kwa hiyo nimekata bati. Limekunjwa, liko nyuma ya duka, lami imekauka. Ngazi nimeiazima, na jana nilibisha kwa Kageha, sina kijitabu, nikamwomba aniruhusu nipitie kwake Jumamosi asubuhi. Aliniuliza natoka kanisa gani. Nilipomwambia, alisogeza kitambaa chake kwenye kiti ili nipate pa kuketi. Kamati nitaiambia nikishashuka.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, nina ombi moja. Siku mvua itakaponyesha na kanisa lenu likiwa linaimba, tokeni, mzunguke, msimame upande wa jirani, mtazame juu. Halafu niandikieni mniambie mlisikia nini kutoka upande ule, na maji yenu yalikuwa yanaenda wapi. Msiogope mwandiko. Ukiwa mbaya kama wangu nitausoma tu, neno kwa neno, polepole kama nilivyoandika.